Maana 645 za neno moja: kuufuata mkondo wa 'run' ya Kiingereza

Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja, mkulima wa nyanya anayemwagilia shamba lake kwa maji ya kisima, aliniletea karatasi ya maelekezo iliyokuja na pampu yake mpya ya umeme. Upande mmoja ulikuwa wa Kiingereza na upande wa pili wa Kiswahili, na katikati ya maonyo ya Kiswahili palikuwa na sentensi hii: "Usikimbie kavu." Alikuwa ameisoma mara kadhaa, akamsomea na mkewe, na wote wawili hawakuelewa ni nani asikimbie wala kavu ni kitu gani. Nikageuza karatasi, nikakuta maneno manne tu ya Kiingereza: 'Do not run dry'. Maana yake ni kwamba pampu isiwashwe kabla maji hayajaingia ndani yake, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayoipoza na kuilainisha sili, yaani kizuizi cha kuvuja, iliyoizunguka shafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya pampu. Pampu ikizunguka bila maji kwa muda mfupi tu, sili huungua na pampu ikaanza kuvuja. Nilipomweleza hivyo jirani yangu alinyamaza. Pampu ilikuwa imekwisha kuanza kuvuja.

Aliyeitafsiri karatasi ile sidhani kama alikuwa mvivu. Alikutana na kitenzi ambacho kila mwanafunzi wa Kiingereza hukijua tangu madarasa ya mwanzo, akaandika maana aliyofundishwa siku ile, yaani kukimbia, kisha akaendelea na sentensi iliyofuata. Ugumu wa 'run' uko hapo hapo. Neno refu la kitaalamu humsimamisha mfasiri, likamlazimisha kufungua kamusi na kuuliza wenye fani. Neno la herufi tatu linalojulikana na kila mtu hupita bila kuulizwa swali lolote. Kwa miaka ambayo nimefanya kazi ya tafsiri, makosa mengi niliyoyasahihisha hayakutokana na maneno magumu bali na maneno mepesi kama hili, na ndiyo maana naona inafaa tulifungue taratibu, tuone limepataje maana zote hizo na kwa nini Kiswahili hulipokea kwa vitenzi vingi vilivyo mbali mbali.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kamusi kubwa ya kihistoria ya Oxford, ambayo ilianza kutoka vipande vipande mwaka 1884 na toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 1928, ndiyo inayotumika kama mizani ya mambo haya, kwa kuwa kila maana iliyomo huambatana na mifano ya matumizi yenye tarehe. Katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa 'set', ambalo kitenzi chake peke yake kilipewa maana 430. Toleo la tatu lilianza kuchapishwa kwenye intaneti mwaka 2000, na wahariri walipoifikia herufi R, mwanaleksikografia, yaani mtunzi wa kamusi, Peter Gilliver alikaa na kitenzi 'run' kwa takribani miezi tisa. Matokeo ya kazi hiyo yalipojulikana mwaka 2011, bingwa wa zamani alikuwa amepitwa mbali: kitenzi 'run' kilihesabiwa maana 645, bila kuingiza zile za nomino.

Hesabu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu maana za neno hazihesabiki kama mayai kwenye trei. Bomba likitoa maji, pua ya mtoto ikitoka kamasi, na rangi ya nguo ikachuja kwenye beseni, Mwingereza hutumia 'run' mara zote tatu. Je, hizo ni maana tatu, au ni maana moja, ya kitu cha majimaji kutembea, iliyoonekana katika mahali patatu? Mtunzi mmoja wa kamusi huzigawa na mwingine huziunganisha, na wote wawili wanaweza kuwa na hoja nzuri. Kamusi ya Oxford hupendelea kugawa, kwa kuwa shabaha yake ni kuonyesha kila tawi lilichipuka lini, likiwemo tawi lililokauka karne tatu zilizopita. Kwa hiyo hakuna Mwingereza anayetembea na maana 645 kichwani. Alicho nacho ni picha chache anazozitumia upya kila siku bila kuzifikiria, na sisi tunaojifunza lugha yake tukizijua picha hizo tunapata msaada mkubwa kuliko tukijaribu kukariri orodha.

Wanafunzi wa kidato cha tano watakumbuka somo la polisemia na homonimu. Kaa la moto, kaa wa baharini na kitenzi kaa ni homonimu, maneno tofauti yaliyokutana kwenye sauti moja kwa bahati tu, na hakuna faida ya kutafuta kinachoyaunganisha. 'Run' si hivyo. Ni polisemia, yaani shina moja lenye matawi, na kila tawi ukilishuka taratibu linakurudisha shinani. Swali la maana ni shina hilo ni lipi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kudhani kwamba shina ni miguu ya mtu anayekimbia.

Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, hapakuwa na kitenzi kimoja bali viwili vilivyokuwa ndugu. Cha kwanza kilikuwa 'rinnan', ambacho mara nyingi kiliandikwa kwa sauti zilizobadilishana nafasi, 'irnan', na kilitumika kwa kwenda mbio na vile vile kwa kutiririka. Cha pili, 'ærnan', kilikuwa na maana ya kukifanya kitu kiende mbio, hasa farasi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapa, kwa kuwa huo ni uhusiano ule ule wa kimbia na kimbiza, wa enda na endesha, wa tiririka na tiririsha, ambao wanasarufi wetu huuita kauli ya kutendesha. Waskandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9 walikuja na jozi yao ya vitenzi vya aina hiyo hiyo, 'rinna' na 'renna', na katika mchanganyiko wa vijiji vile tofauti ya sauti kati ya mwendo na mwendesho ilififia, hata karne chache baadaye likabaki umbo moja tu likibeba mizigo ya yote. Wajerumani, ambao lugha yao ina asili moja na Kiingereza, wamebaki na vitenzi vyao viwili hadi leo: 'rinnen' ni kutiririka, na 'rennen', kilichoanza kama kauli ya kutendesha ya kile cha kwanza, leo ni kukimbia tu.

Jambo hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote katika makala haya. Sehemu kubwa ya maana za 'run' si maana mpya. Ni kauli zilizopoteza viambishi vyake. Kiingereza kina mabaki machache ya utaratibu huo wa zamani, na mfano mzuri ni 'fall', kuanguka, na 'fell', kuangusha mti. Mfano mwingine ni 'sit', kuketi, na 'set', ambayo kwa asili ni kuketisha, kukifanya kitu kikae. Kwa hiyo 'set', neno lililotawala kamusi hadi lilipopitwa na 'run', nalo lina kutendesha ndani yake, na sidhani kama ni bahati kwamba maneno mawili yaliyoshindania nafasi hiyo yote yana historia hii. Sisi tuna kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana na kimbizwa, na mtunzi wa kamusi ya Kiswahili huyaorodhesha kama minyambuliko ya kitenzi kimoja bila kudai kwamba kitenzi hicho kina maana tano. Mwingereza hana pa kuficha mzigo huo, kwa hiyo unaonekana wote kwenye neno lenyewe, ukisaidiwa na vihusishi vinavyolifuata.

Ukitaka kuiona kauli ya kutendesha ikifanya kazi, tazama Mwenge wa Uhuru, ambao ulipandishwa kileleni mwa Kilimanjaro Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Mwenge haukimbii, bali unakimbizwa. Wapo wakimbiza Mwenge na zipo mbio za Mwenge. Silabi moja inatosha kuonyesha nani ana miguu na nani amebebwa. Katika Kiingereza sentensi ile ile ingesema kwamba watu wana-'run' na kwamba wana-'run' mwenge, na msomaji aachwe ajitambulie mwenyewe kwamba mara ya kwanza ni mwendo na mara ya pili ni mwendesho.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba kimbia yetu si pacha wa 'run' hata pale miguu inapohusika. Ndani ya kukimbia kuna woga au kuna jambo linaloachwa nyuma: mtu huwakimbia wadai wake, mke humkimbia mume mkorofi, na aliyeikimbia nchi yake kwa vita ni mkimbizi. Wazee wa pwani hadi leo ukiwaambia kwamba umemwona fulani anakimbia watakuuliza anamkimbia nani. Aliyekuwa anafanya mazoezi tu, kwao alikuwa anakwenda mbio au anapiga mbio. Mwingereza akitaka kuutia woga huo kwenye kitenzi chake hana budi kuongeza neno la pili la kuonyesha kwamba mtu anakwenda mbali na kitu.

Baada ya kutendesha, picha ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo tajiri zaidi, ni ya maji. Kutiririka hakukuja baadaye kama sitiari iliyoazimwa kutoka kwa wakimbiaji. Kumo tangu kwenye kitenzi cha kale. Mto una-'run' kwa haki yake ya kuzaliwa, na kutoka kwenye mto huo matawi yametambaa hadi ndani ya nyumba. Chukua khanga mpya uiloweke kwenye beseni pamoja na shati jeupe la shule. Mwanzoni maji ni meupe, kisha wekundu unatoka kwenye pindo kama moshi, unazunguka polepole, unalifikia shati, na ukija kuliinua lina mabaka ya waridi. Mswahili atasema khanga imechuja. Mwingereza atasema rangi ime-'run', na hapo haoni mkimbiaji yeyote bali anaona kitu cha majimaji kikitoka kilipo na kwenda kisipotakiwa. Picha hiyo hiyo imo kwenye pua yenye mafua, kwenye nta ya mshumaa inayoyeyuka ubavuni, na kwenye wanja unaoshuka mashavuni kwa machozi. Sisi tuna kitenzi cha kila jambo: nguo huchuja, kamasi hutoka, nta huyeyuka, machozi hububujika au hutiririka. Kiswahili hutazama kitu ni nini. Kiingereza hutazama mwendo wake tu.

Kutoka kwenye maji tunapata pia kuisha. Chombo kikitoboka na kilichomo kikatiririka chote, kinachobaki ni utupu, na ndiyo maana Mwingereza huunganisha 'run' na 'out' anapotaka kusema kwamba kitu kimekwisha. Lakini hapo anafanya jambo linalowachanganya wanafunzi wetu wengi: husema kwamba sukari ime-'run out', halafu husema pia kwamba sisi tume-'run out' na sukari, kana kwamba sisi ndio tuliomwagika. Kiswahili kinalitatua hili kwa unadhifu ambao sichoki kuuonyesha ninapokaa na wanaojifunza. Sukari imeisha, sisi tumeishiwa sukari. Kiambishi cha kutendea na cha kutendwa vimeingia kwenye kitenzi isha, vikahamisha jambo kutoka kwa sukari kwenda kwa anayeathirika na upungufu huo, bila kukopa neno lolote la pili. Muda nao ukielekea kuisha tuna yoyoma, kitenzi kizuri ambacho kinaonyesha kitu kinavyokwenda hadi kupotea machoni.

Hata pale Kiingereza kinaposema kwamba ugonjwa au kipaji kina-'run' katika familia, kinachoonekana ni kitu kinachotiririka kutoka kizazi hadi kizazi. Sisi husema ugonjwa huo uko kwenye ukoo wao, au kipaji kimo kwenye damu, na damu nayo ni kitu cha kutiririka, ingawa kitenzi chetu kimetulia. Nasi hatukukosa kuyageuza maji kuwa msamiati: mkondo wa mto umetupa mkondo wa hewa, mkondo wa umeme, na hata mikondo ya shule, pale darasa moja linapogawanywa kuwa A, B na C. Anayedhani kwamba ni Kiingereza pekee kinachovuta maneno kutoka mtoni hajakisikiliza Kiswahili chake vizuri.

Picha ya tatu ni ya mitambo, na hapa historia ya jamii imeingia moja kwa moja ndani ya sarufi. Karne ya 18 na ya 19 ziliijaza Uingereza mashine: vinu vya kusokota nyuzi, injini za mvuke, na kuanzia mwaka 1830 reli ya abiria kati ya Liverpool na Manchester. Kila kilichozunguka au kutembea chenyewe kilihitaji kitenzi, na kitenzi kilichokuwa tayari kwa ajili ya mwendo mfululizo usiokatika, kama wa maji, kilikuwa 'run'. Treni zika-'run', injini zika-'run', na kwa kuwa neno lilikuwa na kutendesha ndani yake tangu zamani, mwenye kiwanda naye akasemwa kwamba ana-'run' mashine zake, kisha kiwanda chake, kisha biashara nzima. Programu ya kompyuta ilipokuja katika karne ya 20 ilikuta njia imekwisha kufyekwa.

Kwenye mitambo Kiswahili kilichagua mwendo wa taratibu zaidi. Kwetu mabasi hutembea, hata yakiwa yanatembea usiku kucha kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na saa ya ukutani hutembea mpaka itakaposimama. Wafaransa nao wamechagua hivyo hivyo, kwa kuwa saa yao hutembea kwa kitenzi kile kile cha mtu anayetembea kwa miguu. Injini kwetu huwaka, kwa hiyo onyo la kituo cha mafuta ni kwamba usijaze mafuta gari likiwa linawaka. Barabara haina mwendo kabisa, lakini Kiingereza huifanya i-'run' kutoka mji hadi mji, na Kiswahili huifanya ipite, ikatize, au itoke Tanga kwenda Moshi. Wanaisimu wana maelezo kwamba anayetembea ni jicho la msemaji, si barabara, na nadhani maelezo hayo yanatosha.

Lakini kwenye mwendesho tulikuwa na neno tayari, nalo ni endesha. Tunaendesha gari, tunaendesha biashara, tunaendesha kikao, tunaendesha kesi, na tangu kompyuta zilipozungumza Kiswahili tunaendesha programu. Timu iliyozidiwa uwanjani huendeshwa puta. Na mama anayempeleka mtoto zahanati akisema kwamba mtoto anaendesha tangu jana, muuguzi hasubiri kuuliza anaendesha gari gani. Anaanza kuandaa maji yenye chumvichumvi. Nimelitaja hili kwa makusudi, kwa sababu Kiingereza cha nyumbani nacho huita maradhi hayo kwa wingi wa nomino ya 'run'. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimechukua kitenzi chao cha kuongoza mitambo na kampuni, zikakitumia pia kwa tumbo lililolegea, bila mojawapo kuiga nyingine. Mgeni anayejifunza Kiswahili akilalamika kwamba endesha ina maana nyingi mno, ana haki ile ile ya mwanafunzi wetu anayelalamika juu ya 'run'.

Katika siasa neno hili limegawanya hata Waingereza na Wamarekani. Mmarekani anayetaka urais husemwa kwamba ana-'run', kana kwamba yuko kwenye mashindano ya farasi. Mwingereza anayetaka ubunge kwa desturi husemwa kwamba anasimama. Kiswahili kilichukua njia ya tatu. Gombea imetoka kwenye gomba, mzizi ule ule wa ugomvi na kugombana, ikaongezwa kiambishi cha kutendea, kwa hiyo mgombea kwa asili ni mtu anayegombana na wenzake kwa ajili ya kitu. Wakenya husema pia kuwania kiti, na Watanzania wana hatua yao ya kwanza ya kuchukua fomu, ambayo inatosha yenyewe kumtangazia mtu nia. Tulipohitaji jina la anayesimama pamoja na mgombea urais tulipata mgombea mwenza, na limekaa vizuri kabisa kuliko la Kiingereza, ambalo asili yake ni farasi aliyekimbizwa kando ya farasi mwingine ili kumsaidia kushika kasi.

Zipo maana nyingine ambazo zinahitaji tahadhari zaidi kuliko maelezo. Habari za fedha zikisema kwamba benki imepatwa na 'run', hakuna aliyekimbia na fedha. Ni wenye akiba waliokimbilia benki kwa pamoja kuzitoa, kama walivyopanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock nchini Uingereza Septemba 2007. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa kubonyeza simu na kompyuta, kwa hiyo hata foleni haikuonekana. Kiambishi cha kutendea kwenye kimbilia kinafaa sana hapa, kwa kuwa kinaonyesha mwelekeo: walikwenda kwenye benki, hawakuikimbia. Katika kriketi 'run' ni alama, ambayo hupatikana wapigaji wawili wanapobadilishana ncha za uwanja mwembamba wa katikati wenye urefu wa mita 20 hivi. Lakini mpira ukipigwa ukavuka mpaka bila kugusa ardhi, timu huandikiwa 'run' sita ingawa hakuna aliyelazimika kwenda mbio. Mtangazaji akisema mchezaji alikimbia mara sita, amewapotosha wasikilizaji wake, aseme alama. Na nakala za kitabu zinazochapwa kwa mkupuo mmoja nazo huitwa 'run', neno ambalo mkupuo wetu unalibeba bila taabu.

Kwa hiyo ninapoikuta 'run' kwenye matini, siendi kwanza kwenye kamusi. Najiuliza ni nani mwenye mwendo, na kama mwendo huo ni wake mwenyewe au ameutia kwenye kitu kingine. Nikijua hilo nimeshaamua kati ya kutenda na kutendesha, na nusu ya kazi imekwisha. Kisha nauliza kama kinachokwenda ni mtu, maji, mashine au shughuli, kwa kuwa Kiswahili kitanidai kitenzi cha kitu hicho hasa. Karatasi ya pampu ingepita salama kwenye maswali hayo mawili: mwenye mwendo ni pampu, anayeutia mwendo ni mkulima, kinachokwenda ni mashine, na kwa hiyo usiwashe pampu bila maji. Maneno manne kwa manne.

Lakini si kila sentensi hujibu. Mwaka juzi niliombwa kutafsiri wasifu mfupi wa mama mmoja anayeheshimika sana katika mji wake, na katika mstari wa tatu iliandikwa kwa Kiingereza kwamba kwa miaka minane ame-'run' mbio za marathoni za wilaya yao. Niliisoma sentensi hiyo mchana kutwa. Kiingereza kiliruhusu yote mawili, kwamba alikimbia mbio hizo kila mwaka, au kwamba ndiye aliyeziendesha, akitafuta wafadhili na kupanga maji barabarani, na hakuna kihusishi wala kiambishi kilichoelekea upande wowote. Kiswahili hakikuniruhusu kuacha mlango wazi. Ilinilazimu kuandika amekimbia au ameendesha. Nikampigia simu aliyenipa kazi, nikamwuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Alikaa kimya kidogo, akaniambia kwamba sentensi ile aliiandika mwenyewe na hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kuulizwa, kisha akaniomba nisubiri hadi kesho yake amwulize mama mwenyewe.